Nchi Iliyopungua

Nchi ilikuwa imepungua tena.

Mpimaji alikipitisha kigurudumu cha kupimia juu ya mstari wa mpaka kwenye ramani kwa mara ya tatu, taratibu, ulimi nje kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Jibu halikubadilika. Kilomita za mraba mia mbili na kumi hazikuwepo.

Mkuu wa idara akachungulia mlangoni. "Vipi, jirani zetu wametula tena?"

"Wametula, mkuu. Kiasi gani, nitakupa kesho nikishahakiki hesabu."

"Mwaka jana walikula mia moja na tisini, tukanyamaza. Safari hii ikipita mia mbili, jeshi linavuka."

Katika idara ile nchi ilipimwa mara moja kwa mwaka, tarehe ileile. Watu wa mpakani walileta orodha ya mawe ya mpaka, na kila jiwe likachomekewa pini mahali pake kwenye ramani kuu. Ramani hiyo ilichorwa kwenye kitambaa cha pamba mwaka nchi ilipozaliwa, na sheria ilisema hiyo ndiyo nchi. Nyingine zote ni nakala. Ilikuwa nyeupe hadi inaumiza macho. Wageni hawakuacha kuisifu.

Seremala aliyeitundika ubaoni ndiye pekee aliyenung'unika. "Mkuu, matundu ya misumari ya mwaka jana hayafikiki. Nimetoboa mapya, huku ndani."

"Unaona?" mkuu akasema. "Hata misumari inajua tumeibiwa!"

Ofisi nzima ikacheka, maana mkuu akitania usipocheka unahamishwa.

Nyumbani, mke wa mpimaji alimdaka mumewe hata hajavua viatu. Mtaa mzima ulimwita Mama Askari, tangu mwanawe wa pekee, aliyempata baada ya kungoja miaka kumi na mmoja, alipovaa buti. Kambi ya kijana ilikuwa mpakani kabisa.

"Imepungua?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kununa au kidogo ya kwenda vitani?"

Mpimaji akainama kuvua viatu. Mama Askari akaushika mkoba wenye ripoti, akaukumbatia kama mtoto mchanga.

"Baba Askari, andika mia moja na tisini kama mwaka jana. Nani ataingia porini kuhesabu majani?"

"Miaka thelathini sijaandika uongo."

"Mmoja tu. Kwa ajili ya mwanao."

"Kama ni mwanangu, ataelewa."

"Mtu huelewa akiwa hai, baba."

Asubuhi mpimaji aliandika mia mbili na kumi, kwa mwandiko wake mzuri wa kujipinda, akatia sahihi.

Jeshi likavuka. Watu wa ng'ambo waliapa kwa mama zao kwamba hawajagusa jiwe hata moja. Na kweli, askari waliyakuta mawe yamezama ardhini, yameota nyasi hadi shingoni. Mkuu alipoletewa habari hakubabaika hata kidogo. "Wajanja hao! Wamepanda na nyasi."

Wakapigana siku tisa.

Siku ya kumi kijana aliletwa nyumbani ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Mkuu alikuja msibani mwenyewe, akapewa kiti cha mbele, akahutubia kwamba kila shubiri ya nchi ina damu ya shujaa. Halafu akaulizia kama kuna chai nyingine. Mama Askari akamsogezea birika. Mumewe alipomgusa mkono, aliuondoa kama aliyeguswa na jiko.

Mwaka mzima aliongea naye kwa maneno ya lazima: kula, funga mlango, mvua inakuja.

Ikabaki wiki moja kabla ya siku ya kupima. Mpimaji aliingia na furushi kubwa kwapani, limeviringishwa gazeti, akaliweka mezani, kisha akasimama pembeni kama aliyevunja sahani ya watu.

"Kama mwaka huu huwezi, mama, nitamwambia mkuu atafute mtu mwingine."

"Mwingine nani?"

Mama Askari alifungua gazeti, akaitandaza ramani magotini. Kidole chake kikaufuata mstari wa mpaka polepole, hadi pale kijana alipoangukia. Palikuwa na vumbi.

"Mwanangu ameifia hii," alisema. "Haitatundikwa mbele za watu ikiwa chafu."

Akabandika sufuria kubwa, akatia sabuni, akangoja maji yatokote kama afanyavyo kila mwaka. Safari hii, kwa heshima ya kijana, aliichemsha mara mbili.