Digidigi na Mtoano wa Wakubwa

Zamani wanyama walipokuwa na vyuo vyao, Digidigi alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya chuo cha bondeni, naye alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo. Msimu mzima timu yake haikufungwa. Iliwalaza akina Ngiri, ikawalaza akina Kanga, na hata akina Tohe wenye mbio zao. Ukabaki mtoano wa ubingwa, wenye nafasi nne tu, na wa kuingia walichaguliwa na Kamati ya mashindano.

Kamati ikawachagua Nyati, Kiboko, Kifaru, na Pofu aliyekwisha kufungwa mara mbili.

Digidigi akamkimbilia mwenyekiti, Mzee Nyati.

"Shikamoo, Mzee. Sisi tumekosa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hamkukosa kitu. Ila hamjacheza na timu kubwa hata moja."

"Lakini tuliwaomba, Mzee! Tuliwaomba nyinyi, tukawaomba akina Kifaru, mkakataa wote!"

"Tulikataa, ni kweli," Nyati akajibu kwa upole. "Tukiwafunga, nani atatusifu? Na mkitufunga, tutaficha wapi nyuso zetu?"

"Basi wenzangu watakaobaki wafanyeje mwakani?"

"Wacheze na wakubwa."

Digidigi akarudi bondeni. Aliwakuta wenzake wamekwisha kuvaa jezi, wanaimba, wakingoja kuitwa.  Akaketi chini, akaanza kuvua viatu. Wimbo ukafifia, kisha mmoja baada ya mwingine nao wakaketi, wakavua vyao.