Herufi Moja Imeingia

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kipanya, nibonyeze sakinisha. Programu ya kuua virusi ilikuwa imeshuka kutoka mtandaoni mchana kutwa, na bila hiyo kompyuta za duka la intaneti la Marietha hapa Mingoyo, zilizojaa virusi, zisingefungua picha ya mjukuu wangu wa kwanza.

"Subiri, mzee," alisema Marietha, simu sikioni. "Kaka yangu wa Dar anasema wezi wameingia kwenye mtambo wa mtandaoni tulikoishusha, huenda wameichezea. Anayo alama ya ile halisi, mfuatano wa herufi na tarakimu. Nitaisoma moja moja kwa mpangilio, wewe linganisha na yetu hapo kwenye kioo."

"Saba."

"Haipo."

"Be."

"Haipo."

"Herufi A."

"Ipo!" nikapaza sauti, na wateja wote wakashangilia.

"Moja imeingia, inatosha!" akasema mnunuzi wa korosho aliyesubiri zamu yake. "Legeza kidogo, dada."

"Zote, au tunafuta."

"Nusu basi," nikasema.

Marietha akanigeukia. "Mzee, wewe unauza samaki. Samaki aina ya changu akinuka mwili wote, mkia tu ukawa mzuri, utaniuzia?"



"Wewe? Sikuuzii," nikasema.

Nikabonyeza futa, na yule wa korosho akapiga yowe kama kaibiwa gunia.