Mwili Usiochorwa

Jembe lilichana mkeka, na Kapteni Séraphin akainua mkono.

"Polepole! Musimukate."

Wapiganaji wawili walikuwa ndani ya shimo lililowafika kiunoni. Victorine alisimama ukingoni, mikono imefungwa nyuma, kamba ikimla vifundo vya mikono. Msalaba wenye jina la Damien, mwanawe, ulikuwa umetupwa kwenye maharage.

Ilikuwa mwaka 1964, na waasi wa Kapteni Séraphin walikuwa wameishika barabara ya Kibua. Walichukua vijana kwa nguvu, Damien akiwa mmoja wao, naye akawatoroka katikati ya mapigano. Kila aliyetoroka alipigwa risasi. Nyumba yoyote iliyomficha ilichomwa, na waliomo humo.

Victorine alikuwa amewaambia kwamba hakuna wa kufichwa. Kwa maelezo yake, wanajeshi wa serikali walimkuta Damien uani wakamkatakata kwa mapanga, na yeye mama akamzika peke yake kwa sababu majirani wote walikuwa wamekimbilia msituni.

"Shimo ikiwa bure," Kapteni alisema, "nyumba inaungua, na wewe ndani."

"Nimesikia. Chimbeni."

Kutoaminiwa huko alikuwa amejiletea mwenyewe. Victorine, mwenye diploma ya ualimu, alitunga hadithi za picha. Damien alichora, na mashine ya parokia ikachapa. Shujaa wao, Papa Shoka, alikuwa mkulima wa mihogo ambaye risasi haikupenya ngozi yake. Kutoka Kibua hadi Masisi watu walipokezana vijitabu hivyo mpaka vikachanika.

"Mimi nilisoma yote, Mama," Kapteni alisema. "Papa Shoka alianguka mu mto, tukalia. Akarudi. Bibi yake akaungua mu nyumba, tukalia tena. Akarudi! Kila mara hauonyeshe mwili. Wewe njo ulitufundisha: muntu mwenye mwili yake haikuonekana, huyo hajakufa."

"Ile ni hadithi."

"Na hii ya mutoto yako ni nini? Nani alimuona?"

Mmoja shimoni akacheka. Kapteni akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Mtu yule akatema jino, akaendelea kuchimba.

"Na tena," Kapteni akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea, "juu ya nini Papa Shoka anaumia? Mara aligeuka nyuma, mara alikula chakula cha jana. Kila siku mwiko mupya."

"Muntu mwenye hawezi kufa, utamuogopea nini? Bila mwiko, hakuna mwenye atasoma."

"Kumbe! Kwetu pia ni vile. Tunamwagiwa dawa, risasi inageuka maji. Mumoja akikufa, muganga anasema alivunja mwiko. Wewe na muganga muko na kazi moja."

"Muganga wenu anakula mbuzi. Mimi hata kuku sijaona."

Kapteni nusura acheke. Lakini mkeka ukafunguliwa, na harufu ikapanda.

Mvua ya wiki nyingi ilikuwa imefanya kazi yake. Mahali pa uso palikuwa na nyama nyeusi iliyopasuka, mfupa wa taya ukitokeza nje. Aliyepigwa mdomoni alipanda kutoka shimoni akitapika. Mwenzake, aliyelala hema moja na Damien, akashika shati la buluu kwa ncha za vidole na kuonyesha mikono ya shati hilo, iliyojaa madoa ya wino.

"Ni yeye, Kapteni. Shati yake ya kuchora. Na urefu njo ule."

Kapteni akavua kofia. Alikata kamba ya Victorine kwa kisu chake, kisha akawatuma wapiganaji wamngojee barabarani.

Victorine akainama kuchukua jembe.

"Hapana, Mama. Muzazi hawezi kuzika mara mbili." Kapteni akalichukua, akashuka shimoni, akaukunja mkeka vizuri kama mtu anayemfunika aliyelala. Akapanda na kuanza kurudisha udongo. Alifanya kazi hiyo jasho likimtiririka, mpaka kaburi likainuka tena. Akausimika msalaba.

"Unisamehe," alisema. "Wewe angalau uko na fasi ya kulilia. Mimi, mudogo yangu Jean-Bosco, nilimutuma kuangalia kivuko, wakati ile ile mutoto yako alikufa. Hakurudi. Tulitafuta mu mto, tukatafuta mu mihogo. Hakuna mwili."

Alimtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Wewe njo unajua mambo hii. Mwili haikuonekana... Mama, atarudi?"

Victorine alitazama kaburi, kisha akamtazama yeye.

"Atarudi," alisema.

Kapteni Séraphin akamshika mkono kwa mikono yake miwili, iliyojaa udongo, akalia bila kujificha. Kisha akavaa kofia na kwenda kwa watu wake.

Victorine alisimama pale pale mpaka bunduki ya mwisho ilipopotelea kwenye kona. Ndipo akaingia ndani, akafunga mlango, akasogeza magunia ya maharage na kuinua mbao za sakafu.

Damien akatoa kichwa. "Mama, walifukua. Hawakumutambua?"

"Kwa panga ile nilimukata nayo, sura ilibakia wapi?" Victorine alisema, akimpa mkono apande. "Waliona tu shati yako yenye nilimuvalisha." Akatabasamu kidogo. "Kapteni amezika mudogo yake yeye mwenyewe, na akaniomba musamaha."