Kiboko wa Magunia

Mzee Gervas alifungua mlango akakuta kiboko amejaa uani kwake.

Mnyama huyo alikuwa ameshonwa kwa magunia ya mpunga, masikio ya kandambili, meno ya mihogo mikavu. Wapenzi wa filamu wa mtaa wa Makanyagio walikuwa wamemzunguka, wakimwangalia mzee usoni.

Miaka yote aliposema kiboko anayeonekana katika filamu moja ya zamani alimtengeneza yeye, mji mzima ulimcheka. Mnyama wa kweli yule, babu, acha uongo!

"Shikamoo babu," alisema mama muuza mchele. "Tumeitazama ile filamu pale kwenye banda la video mpaka tukauona mshono wako shingoni mwa kiboko. Kumbe ulisema kweli! Huyu tumekushonea wewe. Ila mdomo umetushinda kuufungua."

Mzee akapapasa taya. Vidole vyake, vinavyomwaga chai kila asubuhi, vikatulia tuli.

"Nyie, kamba ya taya mmeifunga puani. Inafungwa kisogoni."

Akaihamisha, akavuta. Mdomo ukaachama mpana kama mlango wa zizi, na vigelegele vikapasua mtaa.

Nje ya ua ikasikika sauti ya jirani, yule aliyemcheka kuliko wote: "Hodi! Kuna harusi?"

"Nyamazeni," mzee alinong'ona, akaikamata kamba, kisha akapaza sauti: "Karibu, jirani. Pita tu."