Zinash Anatamani Kolo

Mwalimu aliandika ubaoni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutamani sana, na darasa zima la jioni la watu wazima likamgeukia Zinash.

"Aanze mjamzito," alisema fundi viatu wa dawati la nyuma. "Sisi wengine tunatamani nyama tu, na mfungo wa kutokula nyama umebakiza wiki tatu."

Wakacheka. Tangu mimba yake ianze kuonekana, kila alichokitaja kwenye sentensi alikikuta kesho yake juu ya dawati: machungwa, viazi vya kuchoma, hata pilipili ya kusaga. Hapa Jimma hakuna anayetaka mtoto azaliwe na alama usoni kwa sababu mama yake alinyimwa kitu.

Zinash alisimama. Asubuhi hiyo daktari alipitisha kifaa baridi tumboni mwake kutafuta mapigo ya moyo, akakirudisha palepale mara tatu. Hakuna kilichodunda. Daktari alimfuta mafuta ya kipimo taratibu bila kumtazama, akamwambia arudi kesho na asije peke yake.

Akasema, kwa Kiingereza, kwamba anatamani kolo.

"Sahihi kabisa," alisema mwalimu.

"Leo hungoji kesho, dada." Fundi viatu alichomoa kifurushi cha kolo, shayiri ya kukaanga, kikapita mkono kwa mkono hadi kwake. "Kula. Usituharibie uso wa mtoto."

Punje zilikuwa bado na joto. Zinash alitafuna, mkono mmoja tumboni kama kawaida yake, na wote wakamtazama mpaka akameza.

"Haya, mtoto anasemaje?" aliuliza fundi viatu.

Zinash akatia konzi nyingine mdomoni.