Mchuzi Uliotiwa Chumvi Mara Mbili

Mpishi mkuu alichovya kijiko kwenye mchuzi wa samaki, akaonja, akafumba macho kidogo.

"Safi kabisa, mwanangu. Mimina."

Msaidizi wake aliduwaa. Katika pilikapilika za mchana alikuwa ameutia mchuzi chumvi mara mbili, na alishajiandaa kugombezwa. Akaonja mwenyewe. Ulimi ukamkakamaa.

Kumbe mpishi mkuu hasikii tena ladha! Ndiyo maana tangu alipougua homa mama huyu alikuwa akimuuliza kila mara, "Na wewe unauonaje?" Na kwenye mgahawa huu wa wakubwa hakuna sahani iliyotoka jikoni kabla yeye hajaionja. Ulimi wake ndio uliokuwa kazi yake.

Mwenye mgahawa akachungulia mlangoni. "Jamani, wageni wangu wanakula leo au kesho?"

Mpishi mkuu alichovya tena kijiko, akaonja kwa haraka. Alikuwa amekwishayaona macho ya msaidizi wake.

"Tuvumilie kidogo, bosi," msaidizi akasema. "Mama ameukataa huu. Anasema nimezidisha chumvi."

"Huyo mama hapitwi na kitu!" Bosi akacheka, akaenda zake.

"Umejua lini?" mpishi mkuu akanong'ona.

"Sasa hivi. Nipe kijiko, mama."