Salamu za Kompyuta Kuu

Siku tatu nilisumbuliwa na barua pepe moja iliyotoroka kila asubuhi kutoka kwenye kompyuta kuu ya ofisi, bila nywila wala ruhusa. Nikiziba huku, inapenyea kule. Mkuu wangu alishuku mwizi wa siri za ofisi; mimi nusura niipige mashine teke.

Leo nikainasa. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Shikamoo mzee, nimeamka salama."

Mara simu ikaita. Alikuwa Baba, fundi mstaafu aliyeitunza mashine hiyohiyo miaka ishirini.

"Mwanangu, leo mashine haijanisalimia. Inaumwa?"

"Baba! Kumbe mlango wa barua hii uliuacha wazi wewe?"

"Sasa nani mwingine hunijulia hali asubuhi?"

Nikakiondoa kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Umempata mwizi?" mkuu wangu akauliza nyuma yangu.